Kisakinishi cha paneli kinakataa jina la seva: uanzie wapi

Seva ni mpya, umeingia kwa SSH (njia ya kuiendesha seva kutoka mbali), umebandika amri ya kusakinisha paneli (programu ya kusimamia seva kwa kivinjari, kama cPanel au Hestia), na baada ya sekunde chache kazi inasimama: jina la seva halitambuliki. Hapo wengi huanza kugusa kila faili wanalolikuta, kisha wanaomba msaada wakisema wamejaribu kila kitu. Ni kweli wamejaribu kila kitu, ila mahali pasipo na tatizo.

Shida ni kwamba swali "seva hii inaitwaje na iko wapi?" lina wajibuji watatu. Wa kwanza ni mfumo wenyewe, unaotunza jina lililowekwa kwenye `/etc/hostname`. Wa pili ni faili la `/etc/hosts`, linalosomwa na seva hiyo peke yake. Wa tatu ni DNS, daftari la majina na anwani ambalo dunia nzima inaliuliza. Kisakinishi kinaweza kuwa kimemuuliza wa tatu huku wewe ukihangaika na wa pili. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, jua nani ametoa jibu baya.

Amri nne zinatosha. Katika mifano yote hapa, jina ni `seva1.example.com` na anwani ni 203.0.113.25, weka zako.

```
hostname
hostname -f
getent hosts seva1.example.com
dig +short seva1.example.com @1.1.1.1
```

Ya kwanza inamuuliza mfumo. Ya pili inadai jina kamili, yaani lile linaloitwa FQDN. Ya tatu inafuata utaratibu ulioandikwa kwenye `/etc/nsswitch.conf`, na kwa kawaida mstari wake husema `hosts: files dns`, maana yake faili kwanza, DNS baadaye. Ya nne hairuki wala haizunguki: inaiuliza DNS ya nje moja kwa moja na hailitazami kabisa faili la hosts. Ndiyo maana utawasikia watu wakilalamika kwamba ping inafanya kazi lakini dig haionyeshi kitu. Hakuna ajabu: ping hufuata njia ile ile ya `getent`, kwa hiyo zimewauliza watu wawili tofauti. (Kama `dig` haipo, kwenye Debian na Ubuntu inakuja na kifurushi cha `dnsutils`, kwenye AlmaLinux na Rocky ni `bind-utils`.)

Onyo kabla ya kuendelea. Kama seva tayari ina tovuti au barua pepe za watu, simama hapa. Paneli nyingi zimetengenezwa kuwekwa juu ya mfumo mtupu, uliosakinishwa leo. Kuzilazimisha juu ya seva inayofanya kazi ni kazi ya mtu anayejua anachokivunja. Hata kwenye seva mpya, piga picha ya diski (snapshot) kupitia ukurasa wa aliyekukodishia kabla ya kuanza.

## Dalili: kisakinishi kinasema jina si kamili

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Mara nyingi seva imekuja na jina fupi, kama `vps` au `localhost`, au jina refu la ajabu lililotungwa na mashine. Paneli inataka jina lenye angalau sehemu tatu: jina la seva, kikoa, na mwisho wake. Weka hivi:

```
hostnamectl set-hostname seva1.example.com
```

Kisha toka kwenye SSH na uingie tena, kwa sababu alama ya mwanzo wa mstari huendelea kuonyesha jina la zamani na kukuchanganya.

Sababu ya pili ni herufi zisizoruhusiwa. Jina la seva linakubali herufi za kawaida, tarakimu na kistari. Mstari wa chini haukubaliki, kwa hiyo `seva_1.example.com` itagonga mwamba hata kama DNS yako ilikubali kuihifadhi. Kistari nacho hakiwi mwanzoni wala mwishoni mwa sehemu yoyote. Urefu: kila sehemu isizidi herufi 63, na Linux yenyewe haipokei jina la zaidi ya herufi 64 kwa jumla.

Sababu ya tatu haitoi kosa mara zote, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtu anaipa seva jina la kikoa chake kikuu, `example.com`, kwa sababu ndilo jina analolipenda. Visakinishi vingine vinakataa, vingine vinapita. Ukipita, balaa linakuja baadaye: seva ya barua inajiona yenyewe ndiyo `example.com`, na barua za kikoa hicho inazitafutia watumiaji wa ndani badala ya visanduku ulivyofungua kwenye paneli. Barua zinarudi na ujumbe wa `User unknown`, nawe unazitafuta kwenye mipangilio ya barua ilhali kosa ulilifanya siku ya kwanza. Tumia jina dogo chini ya kikoa: `seva1`, `panel`, `host`, lolote, mradi hutalifungulia tovuti wala akaunti.

Majina yanayoishia `.local` au `.lan` ni ya mtandao wa ndani. Hakuna cheti cha SSL cha kawaida kitakachotolewa kwa jina hilo.

## Dalili: `hostname -f` inatoa kosa, au `sudo` inalalamika

Ujumbe huwa mmoja kati ya hii:

```
hostname: Name or service not known
sudo: unable to resolve host seva1
```

Mfumo unajua jina lake lakini haujui anwani ya kulishikiza. Fungua `/etc/hosts`. Hili ni faili nililolikuta kwenye seva zaidi ya moja, nami nalionyesha kama lilivyo kwa sababu lina makosa mawili katika mistari miwili:

```
127.0.0.1      localhost seva1.example.com
203.0.113.25   seva1 seva1.example.com
```

Kosa la kwanza: jina kamili limewekwa kwenye mstari wa 127.0.0.1. Programu yoyote ikiuliza seva iko wapi, inaambiwa iko ndani ya nafsi yake. Kosa la pili ni la mpangilio. Jina la kwanza baada ya anwani ndilo jina rasmi, yanayofuata ni majina ya ziada. Hapo `seva1` fupi imetangulia, kwa hiyo `hostname -f` itatoa jina lisilo kamili, `localhost` au `seva1`, na kisakinishi kitarudia wimbo ule ule kwamba jina si kamili ingawa wewe unaliona liko pale mbele ya macho yako. Sahihi ni hivi:

```
127.0.0.1      localhost
203.0.113.25   seva1.example.com seva1
```

Kwenye Debian na Ubuntu utakuta pia mstari unaoanza na `127.0.1.1`. Huo umewekwa kwa ajili ya mashine zisizo na anwani ya kudumu. Seva yako ina anwani ya kudumu, kwa hiyo ufute na uache mstari wa anwani halisi. Mstari wa `::1` wa IPv6 uache kama ulivyo.

Usifute mstari wa `localhost`. Nasema kwa sababu wapo waliofuta, na hifadhidata ikakataa kuwaka.

## Dalili: ulirekebisha, ukawasha seva upya, jina la zamani limerudi

Karibu kila mara ni cloud-init, programu inayoziandaa seva za kukodi zinapowaka. Ukifungua `/etc/hosts` ukakuta juu kabisa maelezo yanayotaja `manage_etc_hosts`, umempata mhusika. Fungua `/etc/cloud/cloud.cfg` uweke:

```
preserve_hostname: true
manage_etc_hosts: false
```

Ikiwa baada ya hapo bado linarudi, amri inatoka juu zaidi, kwenye data ambayo aliyekukodishia seva anaipa mashine inapowaka. Badilisha jina kwenye ukurasa wa kuisimamia seva, si ndani ya seva. Kwa nadra sana mkosaji huwa DHCP inayogawa jina pamoja na anwani.

Washa upya mara moja na uhakikishe kabla ya kusakinisha paneli. Jina likirudi nyuma baada ya paneli kuwekwa, utakuwa na vyeti, barua na mipangilio ya DNS inayotaja seva isiyokuwepo.

## Dalili: ndani ya seva kila kitu sawa, nje hakuna jibu

Hapa ndipo muda wa watu unapopotelea. `hostname -f` safi, `getent` safi, lakini `dig` haitoi kitu. Endesha `dig` bila `+short` usome neno lililo mbele ya `status`, kwa sababu ukimya wa aina tatu una maana tatu.

NXDOMAIN: jina halipo kabisa. Sababu ya kawaida ni kwamba rekodi ya A (inayofunga jina na anwani ya IPv4) haijawahi kuundwa. Mtu aliweka jina kwenye seva akadhani dunia imepata habari. Nenda kwenye DNS ya kikoa, unda rekodi ya A yenye jina `seva1` na anwani ya seva.

Sababu inayofuata ilinigharimu mimi mwenyewe nusu siku. Nilikuwa na rekodi, niliiona kwenye skrini, anwani sahihi, na bado NXDOMAIN. Kwenye kisanduku cha jina nilikuwa nimeandika `seva1.example.com` yote, na mfumo ule ulikuwa unaongeza kikoa wenyewe mwishoni. Nilichokuwa nimekiunda ni hiki:

```
dig +short seva1.example.com.example.com
203.0.113.25
```

Jaribu amri hiyo ya jina lililojirudia kabla ya jambo lingine lolote. Inachukua sekunde mbili. Wanaohariri faili la kanda (lenye rekodi za kikoa) kwa mkono wanaangukia shimo hilo hilo kwa kusahau nukta ya mwisho baada ya jina kamili.

Ikiwa siyo hilo, angalia kama umeweka rekodi kwenye DNS inayotumika kweli:

```
dig +short NS example.com
```

Majina yatakayotoka ndiyo seva za majina zinazosikilizwa. Mtu amehamisha kikoa mwaka uliopita, anahariri DNS kwa msajili wa zamani (aliyemsajilia kikoa), na hakuna anayemsikiliza. Chukua mojawapo ya seva hizo uiulize yenyewe: `dig seva1.example.com @` ikifuatiwa na jina lake. Ikijibu vizuri huku 1.1.1.1 ikisema hakuna, basi kazi yako imekwisha na kinachobaki ni kusubiri. Jibu la "hakuna" nalo huhifadhiwa: kama uliuliza jina kabla ya kuunda rekodi, wasuluhishi wa nje (seva zinazotafuta majibu ya DNS kwa niaba ya wengine) wanaendelea kukumbuka kwamba halipo kwa muda unaotajwa na namba ya mwisho ya rekodi ya SOA. Ikiwa ni 3600, ni hadi saa moja. Kuhariri rekodi tena na tena hakuharakishi lolote.

NOERROR bila jibu: jina lipo, lakini halina rekodi ya A. Pengine uliweka AAAA (rekodi ya anwani ya IPv6) peke yake, au TXT. Ongeza A.

SERVFAIL: seva za majina hazijibu, au sahihi za DNSSEC (zinazothibitisha kwamba majibu ya DNS hayajaghushiwa) haziendani. Tenganisha hivi:

```
dig +cd seva1.example.com @1.1.1.1
```

Ikijibu ukiweka `+cd` na ikashindwa ukiitoa, tatizo ni DNSSEC. Hapa acha, ita anayesimamia kikoa. Kuizima kuna mpangilio wake: kwanza rekodi ya DS (inayounganisha kikoa na sahihi zake) inaondolewa kwa msajili, muda wake wa kuhifadhiwa unapita, ndipo sahihi zinaondolewa. Ukigeuza mpangilio, kikoa chote kinatoweka kwa wasuluhishi wanaokagua sahihi, tovuti na barua pamoja.

Kuna pia mtego wa wale wanaotaka paneli mpya yenyewe iwe seva ya majina ya kikoa hicho hicho, kwa `ns1.example.com`. Ili kuipata `ns1` lazima uiulize `example.com`, na ili kuiuliza `example.com` lazima uipate `ns1`. Duara hilo hukatwa na rekodi za gundi (anwani ya `ns1` yenyewe), zinazowekwa kwa msajili, si kwenye paneli. Ushauri wangu: siku ya kusakinisha, acha DNS mahali ilipo. Paneli ikishasimama vizuri ndipo uhamishe ukitaka.

## Dalili: jina linajibu, lakini kwa anwani isiyo yako

Linganisha jibu la `dig` na anwani ya seva. Zikitofautiana, tazama haya kwa mpangilio huu.

Je, rekodi inapitia Cloudflare, huduma inayosimama mbele ya seva yako (lile wingu la chungwa)? Dunia inaona anwani za Cloudflare, na kisakinishi kinachokagua kama jina linaelekea kwenye seva hii kitakataa, tena kwa haki. Geuza wingu liwe la kijivu kwa jina la seva, na liache hivyo. Hata kisakinishi kikipita, Cloudflare hupitisha poti chache tu: 8443 ya Plesk na 2087 ya WHM zimo, lakini 2222 ya DirectAdmin, 8083 ya Hestia na 10000 ya Webmin hazimo. Utapata ukurasa usiofunguka na kuanza kulaumu ukuta wa moto.

Je, kuna rekodi ya nyota, `*.example.com`, inayoelekea kwenye seva ya zamani? Nyota hujibu kwa kila jina lisilo na rekodi yake. Unda A ya `seva1` na nyota itanyamaza kwa jina hilo.

Je, kuna AAAA iliyosahaulika? Hii haionekani kwenye `dig` ya kawaida. Uliza `dig +short AAAA seva1.example.com`. Ikielekea kwenye IPv6 ya mashine nyingine, ifute au uirekebishe.

Mwisho, kwenye baadhi ya mawingu seva yenyewe ina anwani ya ndani tu, ya 10, 172.16 hadi 172.31, au 192.168, na ya nje iko mlangoni. `ip addr` inaonyesha moja na DNS inaonyesha nyingine, na zote ziko sahihi. Kwenye `/etc/hosts` weka anwani ambayo mashine inayo kweli, kwenye DNS weka ya nje, kisha usome maelekezo ya paneli yako kuhusu NAT, yaani mpangilio huu wa anwani ya ndani na ya nje. cPanel ina skripti yake ya kazi hiyo, `/usr/local/cpanel/scripts/build_cpnat`.

## Dalili: seva haitambui jina lolote, hata za wengine

Kisakinishi kinakwama kwenye kupakua: `Could not resolve host`, au `Temporary failure in name resolution`. Hapa jina lako halina hatia. Pima:

```
ping -c 3 1.1.1.1
getent hosts example.com
```

Ya kwanza ikishindwa pia, huenda mtandao hauna njia ya kutoka. Wasiliana na aliyekukodishia seva. Ya kwanza ikipita na ya pili ikishindwa, msuluhishi ndiye mgonjwa. Tazama `cat /etc/resolv.conf`.

Kwenye Ubuntu utaona `nameserver 127.0.0.53`. Hiyo ni systemd-resolved, na ni kawaida. Seva halisi anazoziuliza utaziona kwa `resolvectl status`. Watu husoma mwongozo unaosema izime, wanaizima, bila kujua kwamba `/etc/resolv.conf` ni kiungo kinachoelekea kwenye faili linaloandikwa na systemd-resolved. Baada ya kuwasha upya, kiungo kinaelekea hewani na seva inakuwa kipofu. Ikiwa umeshafanya hivyo, futa kiungo, unda faili la kawaida lenye mistari miwili:

```
nameserver 1.1.1.1
nameserver 8.8.8.8
```

Kama faili linajiandika upya lenyewe, NetworkManager au DHCP ndiye mwandishi, badilisha kwake. Na kama seva hizi hazijibu kabisa, hakikisha ukuta wa moto unaruhusu kutoka kwenye poti 53, UDP na TCP zote mbili.

## Dalili: paneli imekaa, cheti cha SSL cha jina la seva kimekataa

Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, inakuja kutoka nje, inafuata DNS ya dunia, na kwa njia ya kawaida inabisha poti 80. Kwa hiyo `/etc/hosts` haimhusu. Ikiwa kuna AAAA, anaanza na IPv6, ndiyo maana ile rekodi iliyosahaulika inaumiza. Rekebisha kwanza, jaribu baadaye: ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja, unafungiwa kwa muda, na kubonyeza kitufe kwa hasira ndiko kunakowafikisha watu huko.

Na kuanzia hapa usitumie tena `hostnamectl`. Paneli imeshaliandika jina kwenye barua, vyeti na hifadhidata zake, kwa hiyo libadilishe kwa chombo chake: `v-change-sys-hostname` kwa Hestia, `/usr/local/cpanel/bin/set_hostname` kwa cPanel.

## Dalili: barua zinakataliwa kwa sababu ya PTR

```
dig +short -x 203.0.113.25
```

PTR ni rekodi inayogeuza anwani kuwa jina. Jibu linatakiwa liwe `seva1.example.com`, na jina hilo nalo lirudi kwenye anwani ile ile. Gmail inadai hivyo kwa watumaji wote tangu Februari 2024. PTR haiwekwi kwa msajili wa kikoa wala ndani ya paneli. Anayeiweka ni mwenye anwani, yaani aliyekukodishia seva. Wengine wana kisanduku kwenye ukurasa wao, wengine wanataka uwaandikie.

## Usiyotakiwa kuyafanya mwenyewe

Usimdanganye kisakinishi kwa kuandika jina kwenye `/etc/hosts` ili ukaguzi upite wakati DNS ya nje haijui. Ukaguzi utapita na vyote vinavyotegemea nje, cheti na barua vikiwa vya kwanza, vitashindwa. Chaguo la kulazimisha lipo kwenye visakinishi vingi, na naliona linafaa kwa seva ya majaribio tu.

Ita fundi kama kikoa kina barua za kazi na unatakiwa kubadilisha seva zake za majina, kama umefungiwa nje ya SSH baada ya kugusa mtandao, au kama kisakinishi kilikatika katikati. Hilo la mwisho mara nyingi halirekebishiki kwa busara: safisha seva, sakinisha mfumo upya, anza na zile amri nne.

Unapomwandikia, mpe matokeo ya amri hizo nne, `/etc/hosts` yote, jibu la `dig NS`, na mistari ya mwisho 30 ya kumbukumbu za kisakinishi. Usifiche jina la kikoa kwa nyota. Akiwa na jina lenyewe, ataliuliza yeye mwenyewe kutoka alipo, na pengine ataona tatizo kabla hajamaliza kusoma barua yako.